Leseni Ni Moja, Madeni Ni Tofauti: Kuchagua Chuo cha Famasia Ndani ya Texas

Dada yangu alinipigia simu jioni moja, furaha imemjaa hata maneno yanagongana. Bintiye amekubaliwa kusoma famasia, tena na vyuo vinne, na vyote viko hapa hapa Texas. "Kaka, njoo utusaidie kuchagua." Nilipofika kwao, kusini-magharibi mwa Houston, nilikuta barua zote nne zimetandazwa mezani pembeni ya sahani ya maandazi, na shemeji yangu ameshakata shauri. Alikuwa amefungua kwenye simu orodha ya vyuo bora vya Marekani, akaweka kidole kwenye jina lililokaa juu kuliko mengine, akasema, "Hiki hapa. Tunahangaika nini?"

Mpwa wangu hakujibu. Alinitazama mimi, kisha akatazama zile barua.

Najua meza kama ile ziko nyingi. Watanzania, Wakenya, Wakongo na Warundi tumejaa Houston, Dallas na Fort Worth, na hata Abilene, mji mdogo wa magharibi ambako shirika la IRC limepeleka familia nyingi za wakimbizi. Watoto wetu wengi wanaelekea kwenye fani za afya. Uuguzi tumeshauzoea: kila familia ina shangazi au dada aliyepita njia ile na anajua mitego yake. Famasia bado tunaichagua kwa kubahatisha, na kosa lake ni ghali, kwa kuwa shahada ya udaktari wa famasia, PharmD, huchukua kwa kawaida miaka minne ya masomo ya taaluma baada ya miaka angalau miwili ya masomo ya msingi, na sehemu kubwa ya gharama hiyo hulipwa kwa mkopo.

Msimamo wangu ni huu. Chuo cha famasia kipimwe kwa kinachompata mwanafunzi wa kawaida aliyeingia humo, yule wa katikati ya darasa: ana nafasi gani ya kutoka kwa wakati, leseni mkononi, na atatoka na deni kiasi gani. Jina la chuo linakuja baadaye sana.

Texas ina vyuo tisa vinavyotoa shahada hii. Houston peke yake ina viwili, University of Houston na Texas Southern, ambacho ni miongoni mwa vyuo vya kihistoria vya Wamarekani weusi. Kuna University of Texas pale Austin, kilicho kikongwe kuliko vyote, kilichoanzia Galveston mwaka 1893. Texas Tech kina kampasi zake Amarillo, Abilene na Dallas. Texas A&M kiko Kingsville, kusini karibu na Corpus Christi, na pia College Station. Fort Worth kuna chuo cha UNT, yaani University of North Texas. Kisha kuna UT Tyler upande wa mashariki, UTEP kule El Paso mpakani na Mexico, na University of the Incarnate Word cha San Antonio, ambacho ni cha binafsi, cha Kikatoliki. Mtu anayesema "nitasoma hapa hapa jimboni" akumbuke kwamba kutoka Houston hadi El Paso ni zaidi ya maili 700. Ni safari ya siku nzima barabarani, na ni kodi ya nyumba mbali na mama.

Shemeji yangu alikuwa anasoma orodha ya jarida la U.S. News. Nilimwomba asome na maelezo ya jinsi inavyotengenezwa. Kwa famasia, orodha ile hutokana na maoni tu: wakuu wa vyuo na wahadhiri hutumiwa dodoso na kuombwa wavipe alama vyuo vya wenzao. Haihesabu waliofaulu mtihani wa leseni, haitazami madeni ya wahitimu wala wale walioachia njiani. Ni sifa ya chuo machoni pa wasomi, na sifa hiyo mara nyingi hujengwa na utafiti. Kwa kijana anayetaka maabara, anayeota kugundua dawa au kufundisha chuoni, sifa hiyo ina maana na aitafute. Kwa anayetaka kuwa mfamasia wa hospitali au wa duka la dawa, inamwambia machache mno.

Leseni ni moja. Vyuo vyote vinapaswa kuidhinishwa na baraza la ACPE. Wahitimu wote hukalia mtihani uleule wa leseni, NAPLEX, kisha mtihani wa sheria uitwao MPJE, halafu bodi ya famasia ya Texas huwapa leseni isiyotofautisha aliyetoka Austin na aliyetoka Kingsville. Mgonjwa anayefika dirishani na homa ya mtoto haulizi umesoma wapi.

Sasa niseme jambo ambalo wazazi wengi hawajalishtukia. Zamani, kukubaliwa chuo cha famasia Marekani kulikuwa mchujo wenyewe. Ukiingia, umeingia. Mwaka 2000 nchi nzima ilikuwa na vyuo kama 80, na leo vimepita 140. Wakati vyuo vikiongezeka, waombaji walizidi kupungua. Mtihani wa kuingilia, PCAT, ulifutwa kabisa mapema mwaka 2024. Matokeo yake ni kwamba vyuo vinawatafuta wanafunzi kuliko wanafunzi wanavyovitafuta vyuo, na mlango uliokuwa mwembamba umekuwa mpana. Sioni ubaya kwa hilo peke yake, kwani limewapa nafasi watoto wengi wazuri ambao zamani wangekataliwa kwa alama mbili tatu. Lakini mchujo haukuondoka, umehamia ndani. Ufaulu wa NAPLEX kwa wanaoufanya mara ya kwanza ulikuwa karibu asilimia 88 mwaka 2019, na ilipofika 2023 ulikuwa umeshuka chini ya 80. Maana yake, katika kila wahitimu watano, mmoja au zaidi alimaliza masomo, akavaa joho, akapigwa picha na familia yote, halafu akaanguka mtihani wa kumruhusu kufanya kazi. Na mkopo wake umeshaanza kuhesabu siku.

Kwa hiyo barua ya kukubaliwa haithibitishi tena kwamba mtoto atamaliza. Inathibitisha kwamba chuo kiko tayari kupokea ada yake. Swali lililobaki ni chuo kinamfanyia nini akishaingia.

Hapa ndipo nilipomwomba mpwa wangu alete karatasi. Shirika la NABP, ndilo lenye mtihani wa NAPLEX, huchapisha kila mwaka ufaulu wa kila chuo kwa jina. Na ACPE huvitaka vyuo viweke hadharani asilimia ya wanafunzi wanaohitimu kwa wakati. Takwimu hizi mbili zinapatikana bure, na ajabu ni kwamba watu wengi hutazama moja tu, ile ya mtihani. Hilo ni kosa. Chuo kinaweza kuwa na ufaulu wa kupendeza kwa sababu kinafundisha vizuri, na kinaweza kuwa nao kwa sababu kimewarudisha mwaka au kuwaondoa wale wote walioelekea kuanguka. Ukiwa nje huoni tofauti, mpaka uweke takwimu zote mbili pamoja.

Tulifanya hesabu ya mfano. Chukua chuo ambacho katika wanafunzi 100 walioanza, 90 wanahitimu kwa wakati, na katika hao asilimia 80 wanafaulu mtihani mara ya kwanza. Wanaotoka bila kikwazo ni 72. Chukua kingine chenye ufaulu wa asilimia 90, kinachojitangaza kwa mabango, lakini wanaohitimu kwa wakati ni 70 tu. Zidisha: ni 63. Chuo kilichoonekana cha pili sasa kimekuwa cha kwanza, kwa tofauti ya vijana tisa katika kila mia. Mpwa wangu aliandika hesabu ile nyuma ya moja ya zile barua, akaizungushia duara.

Niongeze tahadhari moja. Darasa likiwa dogo, takwimu hurukaruka. Chuo chenye wahitimu 50 kikiangusha watano zaidi ya mwaka jana, ufaulu umeshuka kwa asilimia kumi, na huenda hakuna kilichoharibika. Ndiyo sababu nasema tazama miaka mitatu au minne mfululizo na uone mwelekeo. Chuo kinachoshuka kila mwaka kina tatizo. Kilichoshuka mara moja kikasimama tena huenda kimeshajirekebisha.

Tuje kwenye fedha, na hapa nitakaa kidogo, maana ndipo familia zetu zinapoumia kimyakimya.

Faida kubwa ya kusoma ndani ya jimbo ni ada ya mkazi. Vyuo vya umma vya Texas hutoza wakazi ada ndogo kuliko wageni, na ukaazi huo una masharti yake. Kwa kawaida mwanafunzi, au mzazi anayemtegemea, awe ameishi Texas miezi 12 kamili kabla ya muhula kuanza, na awe na ushahidi kwamba amefanya maisha hapa: ajira, nyumba aliyonunua, biashara. Familia iliyohamia kutoka jimbo jingine Januari na mtoto anaanza Agosti inaweza kujikuta inalipa ada ya mgeni mwaka mzima kwa kukosa miezi michache. Kwa waliokwama hapo, wengi hawajui kwamba sheria ya Texas inaruhusu mwanafunzi asiye mkazi aliyepata ufadhili wa ushindani wa dola 1,000 au zaidi kutozwa ada ya mkazi, kwa idadi maalumu ya wanafunzi katika kila chuo. Mtu akipigania ufadhili wa dola 1,000 anaweza kuokoa mara nyingi ya hapo. Aulize ofisi ya ufadhili kwa maandishi.

Chuo cha binafsi hakina ada ya mkazi. Kiwe umbali wa dakika kumi kutoka nyumbani, utalipa sawa na aliyetoka Alaska. Sisemi watu wasisome vyuo vya binafsi. Aliye na wazazi San Antonio, akala ugali wa mama na kulala chumbani kwake miaka minne, anaweza kukuta tofauti ya ada imemezwa na kodi ambayo hakuilipa. Lakini hesabu hiyo ifanywe kwa jumla ya miaka yote, ada na maisha kwa pamoja, isiishie kwenye ada ya muhula wa kwanza.

Na hesabu hiyo imekuwa na uzito mpya. Sheria iliyosainiwa Julai 4, 2025 imebadili mikopo ya serikali kuu. Kuanzia Julai 1, 2026, ule mkopo wa Grad PLUS uliokuwa ukiziba pengo lolote umefutwa kwa wakopaji wapya. Wanafunzi wa shahada za kitaaluma, famasia ikiwemo, wamewekewa ukomo wa dola 50,000 kwa mwaka na dola 200,000 kwa jumla. Chuo ambacho ada na maisha yake yanazidi dola 50,000 kwa mwaka kinaacha pengo, na pengo hilo litazibwa na benki. Benki itataka mdhamini mwenye historia nzuri ya mikopo. Katika familia za wahamiaji mdhamini ni nani? Ni mjomba mwenye nyumba, au shangazi muuguzi anayefanya zamu mbili. Saini ile inamfunga. Kijana akianguka mtihani, au akiachia mwaka wa tatu, benki itamgeukia shangazi. Nimeona udugu ukivunjika kwa saini kama hiyo, na waliovunjika walikuwa watu wema wote.

Kwa wale wanaopenda kuona namba: mkopo wa dola 120,000 kwa riba ya asilimia 8, ambayo ndiyo karibu na riba ya sasa ya mikopo ya serikali kwa ngazi hii, ukilipwa kwa miaka 10 ni kama dola 1,456 kila mwezi. Mkopo wa dola 200,000 ni kama 2,427. Tofauti ni karibu dola 970 kwa mwezi, kwa miezi 120. Hiyo ni kodi ya nyumba, au ni ada ya mdogo wake aliyebaki Kigoma. Na riba haingoji mtu amalize chuo, huanza kuhesabika siku fedha inapotoka. Mshahara wa mfamasia ni mzuri, sikatai: takwimu za serikali za Mei 2024 zinauweka mshahara wa katikati kwenye dola 137,480 kwa mwaka kabla ya kodi. Lakini wafamasia wawili, mshahara mmoja, leseni moja, wanaweza kuishi maisha mawili tofauti kabisa kwa sababu ya kile walichosaini wakiwa na miaka 21.

Masomo ya msingi, kemia ogani na mengineyo, mtu anaweza kuyapata chuo cha jamii (community college) kwa ada ndogo sana, na vyuo vingi vya famasia havidai shahada ya kwanza. Mpwa wangu alipita huko na hadaiwi hata senti. Hilo peke yake limempunguzia mzigo kuliko uchaguzi wowote atakaoufanya sasa.

Kuna kipimo kingine ambacho hakimo kwenye jedwali lolote: mwaka wa nne. ACPE hudai angalau saa 1,440 za mafunzo kwa vitendo mwishoni, juu ya saa 300 za mwanzo. Saa 1,440 ni wiki 36 za kazi, bila mshahara, huku unalipa ada. Zitafanyikia wapi? Vyuo vingine vina hospitali kubwa mlango wa pili. Vingine huwatawanya wanafunzi miji mitatu minne, kila wiki sita mji mpya, kodi mpya, gari lazima. Kijana asiyeuliza mapema hugundua mwaka wa nne kwamba amepangiwa mji ambako hamjui mtu.

Mahali pa mafunzo huamua pia utakuwa mfamasia wa nani. Mpwa wangu hufanya kazi mwisho wa wiki kama msaidizi kwenye duka la dawa. Siku moja alifika bibi mmoja wa Tanga, ameshikwa mkono na mjukuu aliyezaliwa hapa. Bibi anatumia dawa ya tezi la shingo, ile inayotakiwa kunywewa asubuhi tumbo tupu, na vipimo vyake vya damu vilikuwa vinakataa kukaa sawa, kila mara daktari anapandisha dozi. Mpwa wangu akamwuliza kwa Kiswahili, "Shikamoo bibi, dawa hii unakunywa saa ngapi?" Bibi akajibu, "Marahaba mwanangu. Saa nane, kama walivyoandika." Kwenye karatasi kulikuwa kumeandikwa 8. Mjukuu alimsomea bibi yake "saa nane", kwa nia njema kabisa, na bibi akawa anakunywa kidonge kila siku saa nane mchana, tumbo limejaa wali. Walikuwa wamehangaika miezi. Mpwa wangu alimwita mfamasia, wakampigia daktari, na karatasi ikaandikwa upya: saa mbili asubuhi, kabla ya chai.

Binti huyu akifanya mafunzo yake kwenye kliniki za Houston au Fort Worth, atakutana na bibi kama huyo kila wiki, na Kiswahili chake kitakuwa sehemu ya kazi yake. Abilene pia. Akipelekwa kwingine atajifunza mengine ya maana, pengine famasia ya vijijini, ambako mfamasia huwa ndiye mtu wa afya wa kwanza kuonwa. Yote ni sawa, mradi achague akijua.

Kuhusu ajira nitasema kwa ufupi. Maduka makubwa ya dawa yanapungua. Walgreens ilitangaza Oktoba 2024 kufunga maduka 1,200 ndani ya miaka mitatu, na Rite Aid imefilisika mara mbili tangu 2023 hadi ikafunga milango. Anayetaka hospitali atahitaji mara nyingi mwaka mmoja au miwili ya mafunzo ya ziada baada ya kuhitimu, na nafasi hizo hugombaniwa nchi nzima. Basi ulizia ni wahitimu wangapi wa chuo hicho walioziomba na wangapi waliozipata. Kwenye hili, naungama, jina la chuo na barua ya mhadhiri anayejulikana vinaweza kusaidia. Lakini mhadhiri anayekujua kwa jina katika darasa la watu 60 atakuandikia barua yenye uzito kuliko yule maarufu asiyekukumbuka uso.

Shemeji alisikiliza mpaka mwisho. Aliuliza swali moja tu, na lilikuwa swali zuri kuliko yote ya jioni ile: "Kwa hiyo tumpigie nani simu?"

Kesho yake asubuhi mpwa wangu aliviandikia vyuo vyote vinne barua pepe ileile, maswali matano: darasa lililoanza miaka minne iliyopita lilikuwa na wangapi, wangapi wamehitimu kwa wakati, wangapi wamefaulu NAPLEX mara ya kwanza, gharama yote ya miaka minne kwa mkazi ni kiasi gani, na nitafanya wapi mafunzo ya mwaka wa nne. Vyuo viwili vilimjibu siku ileile kwa namba kamili, kimoja kikiongeza namba ya simu ya mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa kuzungumza naye. Cha tatu kilijibu baada ya wiki. Cha nne kilimtumia kijitabu cha picha alichokuwa nacho tayari, na alipouliza tena, kikampa siku ya mwisho ya kulipia nafasi.

Barua ya chuo hicho haipo tena mezani, wala ya kile cha tatu. Zimebaki mbili, na leo jioni anampigia simu yule mwanafunzi wa mwaka wa tatu.